Nionyesheni Tanki Tupu

Wanangu wa ofisini,

Siku ile mliponikatia keki ya kustaafu mliniomba niseme machache, na kweli nilisema machache, kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa niko nyumbani Kitengela wiki ya tatu, kuku wamekula, wajukuu wako shule, na nimejinunulia daftari la kurasa mia mbili. Nitawaandikia yale niliyoyameza pamoja na keki.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini. Cheo changu kilibadilishwa jina mara nne na kazi ikabaki ile ile, kwenda kuangalia kama kitu kiko. Mshahara nao mnaujua, ni ule ule mnaonung'unikia nyinyi. Nitaandika kazi. Jamani, ile kazi ilikuwa tamu! Mpaka leo nikisikia landrova ikipita huko barabarani miguu yangu inaanza kutafuta viatu.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Nasema bila aibu, maana nimewasahihisha watu wenye digrii mbili. Niko na wajukuu saba, na mkubwa wao yuko chuo kikuu anasomea mambo ya maji. Akija likizo namtesa na maswali mpaka anakimbilia jikoni kuosha vyombo ambavyo ni safi.

Baba yangu alikuwa kibarua wa reli pale Kajiado. Sisi ni Wakamba, lakini mimi nilikulia kwenye landhi za reli, zile nyumba za vibarua, nikicheza na watoto wa Kimaasai, mpaka mama akiniita namwitikia kwa Kimaasai. Alinichapa kwa hilo. Angejua kwamba lugha hiyo ndiyo itanilisha, angenichapa polepole.

Kitengela ya mwanzo wa miaka ya tisini haikuwa hii ya maghorofa. Ilikuwa barabara ya Namanga, machinjio, udongo mweusi unaonata viatuni kama ugali mbichi, na kibanda changu cha chai na chapati. Siku moja landrova ya kijani ikasimama mbele ya kibanda. Akashuka mama wa Kizungu, mrefu kama mlingoti wa simu, na dereva wake mnene mwenye kofia. Hawakupata chai haraka, kwa sababu mimi nilikuwa kwenye vita. Mbuzi wa mzee mmoja wa Kimaasai alikuwa ameingiza kichwa chote ndani ya karai langu la unga niliokanda.

"Mbuzi wako amekula chapati za watu!" nikamwambia mzee kwa lugha yake.

"Mbuzi gani? Huyo si wangu."

"Si wako? Hiyo alama ya sikio ni ya nani? Na hao wengine wote wenye sikio kama hilo umewaazima?"

"Labda huyo alijiunga na sisi njiani."

"Na unga kwenye ndevu zake ulijiunga njiani pia?"

Mzee alicheka mpaka akaegemea fimbo. Akaniambia nimemshinda, na kesho yake akaniletea kibuyu cha maziwa. Yule dereva alikuwa amesikia yote, maana miaka ya kuzunguka Kajiado ilikuwa imemfundisha Kimaasai cha kutosha kuomba njia na kuelewa ugomvi. Akamtafsiria Mzungu wake. Mama yule akaniangalia, kisha akasema kwa Kiswahili cha darasani, kila neno limepigwa pasi: "Samahani, mama. Je, ungependa kufanya kazi ya kuwauliza watu maswali?"

"Kwani hiyo ni kazi?"

"Ndiyo, ni kazi."

"Basi nimekuwa nikiifanya bure."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Yule mama ndiye Madam Karin, mliyemsikia katika hadithi zangu zote, na dereva ndiye Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, mwalimu wangu.

Nyinyi mmekuta mambo yamebadilika, kwa hivyo nieleze. Ubalozi wa kina Madam ulikuwa na mfuko wa miradi midogo. Kikundi kinaandika barua na kujaza fomu moja, na kabla mwaka haujaisha kitu kimejengwa: tanki, choo cha shule, mizinga ya nyuki, banda. Hakuna kungoja wakubwa wakutane mara kumi. Barasa na mimi tuliiita miradi ya chapuchapu. Kazi yetu ilikuja nyuma yake. Tulikwenda kuangalia kama kile kilichoandikwa kipo, kama kinatumika, na kama kina wenyewe. Kikundi kikifaulu kilipewa awamu ya pili, ambayo ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Kikianguka, jina lilikatwa kwa wino mwekundu na halikurudi tena. Shikeni hilo la wino mwekundu, nitalirudia.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani. Kufika saa nne kisigino kimoja kilikuwa kimebaki kwenye jiwe huko nyuma ya Kajiado, na nilimaliza siku nikichechemea kama kuku aliyegongwa. Barasa hakucheka. Alinipa somo la kwanza: akala za matairi. La pili lilikuwa penseli. "Kalamu ya wino inakauka na jua, Mama Mwende. Penseli hata ukiikalia inaandika." La tatu lilikuwa la kugonga tanki. Unachukua kijiwe, unaanza chini, unapanda. Palipo na maji sauti inakuwa nzito, dup, dup, dup. Ukifika mahali maji yameishia, tanki linaanza kuimba. Huna haja ya kumwuliza mwenyekiti lina maji kiasi gani. Mwenyekiti ana mdomo, tanki halina.

Lakini somo kubwa la Barasa lilikuwa hili: "Usiangalie unachoonyeshwa. Angalia chini. Kitu kinachotumika kina njia. Kama nyasi zimeota mlangoni, hata wakuimbie mpaka jioni, nyasi ndizo zinasema kweli." Barasa alikuwa amewabeba wataalamu wengi sana. Nadhani hata gari lilikuwa limejua kuandika ripoti.

Mimi nikaongeza langu, na hili ni langu kabisa, msiseme lilitoka Ulaya. Nilikuwa naangalia migongo ya punda. Huku kwetu maji yanabebwa na punda, na punda anayetoka mbali na mitungi anachubuka mgongoni na ubavuni. Mradi wa maji ukifanya kazi, kidonda kinapona. Usipofanya kazi, kidonda kibichi. Punda haimbi nyimbo za kukaribisha wageni. Punda hana haja na awamu ya pili.

Madam mwanzoni alidhani nacheza. Kilichombadilisha ni kuku. Kikundi kimoja upande wa Bisil kilikuwa kimejengewa banda zuri la kuku, sakafu ya simiti, waya mpya. Nani alipanga kuwapa kuku watu ambao wazee wao wanaona kuku ni ndege tu wa kurukaruka, sijui. Tulipofika tukakuta banda limejaa wana-mbuzi. Fomu iliuliza: kuku wangapi? Madam akaandika sifuri, uso umemwanguka. Nikamwuliza mama wa pale, "Kabla ya banda hili mbweha walikuwa wanakula wana-mbuzi wangapi?" Akafumba macho, akaanza kuwataja kwa majina. Majina, si hesabu! Na tangu banda lijengwe? Hakuna hata mmoja. Madam akaifuta ile sifuri, akageuza fomu, akaandika nyuma mpaka karatasi ikaisha. Tangu siku hiyo aliniamini, na mimi nikaanza kujiamini kupita kiasi. Hapo ndipo nilipoharibu.

Ilikuwa baada ya zile mvua za El Nino. Kulikuwa na kikundi cha kina mama mwendo wa saa moja na nusu kutoka Kajiado, kwa njia ambayo ni mawe tu yaliyokubaliana kuitwa njia. Mwenyekiti wao aliitwa Nasieku, mama mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Walikuwa wamejenga nasari ya watoto, na mfuko ukawapa paa la mabati, gata, na tanki jeusi la plastiki la lita elfu kumi. Hiyo ilikuwa awamu ya kwanza. Awamu ya pili ingekuwa bomba la kuleta maji kutoka kisima cha mashine kilichokuwa mbali, mpaka pale pale nasari. Kwa kina mama wale bomba hilo lilikuwa maisha. Kiangazi kikija walikuwa wanatembea asubuhi nzima kwenda kuchimba mchanga wa mto, na alasiri nzima kurudi.

Tulifika mara ya kwanza tanki likiwa limewekwa juzi na mvua inanyesha. Maji yanateremka kwenye gata yakipiga kelele, watoto wanacheza chini yake, ng'ombe wanang'aa. Nilifurahi kama ni mimi niliyeleta mvua. Nikasimama mbele ya kina mama, nikapiga kifua, nikawaambia kwa Kimaasai: "Hili tanki ni macho yenu kwa wafadhili! Nikirudi nataka kulikuta limejaa mpaka juu! Nitapanda mwenyewe nichungulie!" Wakapiga makofi. Nasieku alinitazama bila kupepesa, kama mtu anayesikiliza daktari.

Garini Barasa akaniuliza, "Umewaambia nini hapo mwisho? Wewe na Kimaasai chako cha mbio, sikukipata."

"Nimewatia moyo."

"Aha," akasema. Barasa akisema "aha" ujue hajamaliza.

Tulipaswa kurudi baada ya miezi michache. Lakini Madam akaenda likizo kwao, halafu ofisi ikahama jengo, halafu gari likakosa kipuri kimoja kidogo kama ukucha, na kipuri kikakawia. Tuliporudi, ule ukame mkubwa ulikuwa umeshaingia. Nyasi zimekwisha, ardhi imepasuka, wanaume wamehamisha ng'ombe kwenda kutafuta malisho mbali. Bomani walibaki kina mama, watoto na wazee.

Na bado walituimbia! Walijipanga na shanga zote, vumbi linawapanda miguuni. Nikasalimu, "Takwenya!" wakaitikia, "Iko!" kwa pamoja. Nasieku mbele, na shingoni kwake katikati ya shanga ananing'iniza ufunguo wa kufuli la mfereji wa tanki. Ufunguo umesuguliwa mpaka unameta.

Nikaokota kijiwe, nikagonga tanki. Chini, dup. Katikati, dup. Kwenye bega la tanki, dup. Nikapanda ngazi, nikafunua. Maji yalikuwa yananitazama, meusi, yametulia, mpaka juu kabisa. Katikati ya kiangazi kile!

"Madam, limejaa!" nikapiga kelele. "Limejaa mpaka shingoni!"

Madam akapanda, akachungulia, akashuka akitabasamu mpaka masikioni. "Hii ni ajabu," akasema. "Huu ni mradi bora kuliko yote tuliyoiona." Akatoa kamera, akapiga picha: tanki, Nasieku, ufunguo. Akakaa kwenye kiti cha nasari, magoti yakamfika kidevuni, akaanza kujaza fomu. Mimi nilikuwa navimba kwa raha. Nilikuwa tayari nimeshaliona bomba.

Ndipo wakaja punda.

Walitokea nyuma ya nasari, watano, mitungi inadondosha maji, na msichana mkubwa anawafuata akiwa mweupe kwa vumbi. Nikaangalia migongo yao kwa mazoea tu, kama wewe unavyoangalia saa. Ilikuwa mibichi. Mmoja alikuwa amechubuka mpaka nzi wamemfanya makao.

Nikamvuta Nasieku pembeni. "Hawa punda wametoka wapi?"

"Mtoni, yieyo." Ndivyo walivyoniita, mama.

"Mto gani, na mto umekauka?"

"Tunachimba mchanga. Siku hizi tunachimba mpaka mtu anapotea kiunoni."

"Na watoto wa nasari wanakunywa nini?"

"Hayo ya mtoni."

"Nasieku. Na haya ya tanki?"

Alinitazama kama nimemwuliza jina la mama yake. "Haya ni yako. Ulisema ukirudi unataka kulikuta limejaa, na utapanda uchungulie. Umepanda. Si limejaa?"

Wanangu, nimeumwa na nge mara mbili katika maisha yangu, na sikuumia hivyo. Walikuwa wamekaa na maji ya lita elfu kumi mlangoni, na kila siku wanatembea kwenda kuchimba mchanga, ili mimi nikija nisione aibu. Tulivyozidi kuchelewa ndivyo walivyozidi kuyalinda. Mtoto akilia na kiu anaambiwa wageni wako njiani. Na aliyewafunga hakuwa mwizi wala mwenyekiti mbaya. Ni mdomo huu wangu.

"Usimwambie huyo Mzungu," Nasieku akasema kwa haraka. Alikuwa ameona uso wangu. "Tafadhali. Ameshafurahi. Ameshaandika. Wacha bomba lije kwanza, halafu tutakunywa."

Nikaenda kwa Barasa, aliyekuwa ameegemea gari akichokonoa meno. Nikamweleza. Hakusema "nilikwambia", na hilo sitalisahau. Alisema, "Ukimwambia, fomu inauliza kama mradi unatumika, na jibu ni hapana. Wino mwekundu. Ukinyamaza, wanapata bomba, halafu watalifunga na lenyewe mpaka uje ulichungulie."

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi ni dereva, Mama Mwende. Lakini nimeshazima injini, sina haraka."

Nikaenda kwa Madam. Alikuwa amefika swali la mwisho. Nikamwambia yote, kwa Kiswahili, polepole, bila kuruka mahali. Kalamu yake ikasimama hewani.

"Nani aliwaambia wasiyatumie?"

"Mimi. Sikusema hivyo, lakini ni mimi."

"Basi mradi hautumiki," akasema. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Siwezi kuandika uongo, Mama Mwende."

"Usiandike uongo. Lakini usiandike kitu kwa sasa. Niko na kiu."

"Kiu?"

"Kiu sana."

Nikarudi pale kina mama walipokaa, nikasimama mbele yao, pale pale nilipopigia kifua. Nikasema, "Mara ya kwanza niliongea kama mjinga, na nyinyi mkanisikiliza kama watu wenye akili. Niliapa nitapanda nichungulie. Nimepanda, nimechungulia, nikaona ujinga wangu unaelea humo ndani." Bibi mmoja asiye na meno akaanza kucheka, akajiziba mdomo. Nikaendelea, "Nasieku, mimi ni mgeni wako. Niko na kiu. Sitaki chai. Sitaki maji ya mtoni. Nipe maji ya hapa."

Kwa Wamaasai, kama kwa sisi Wakamba, mgeni akisema ana kiu haambiwi ngoja. Nasieku alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Alisimama hapo akiushika ufunguo, macho yanakwenda kwa Madam, kwa fomu, kwangu. Nilimwonea huruma. Ni kama nilikuwa namwambia achinje ng'ombe wake wa mwisho. Kisha akautoa ufunguo shingoni, akapiga magoti kwenye mfereji, akautia kwenye kufuli.

Halikufunguka! Lilikuwa limeshika kutu kwa kukaa bila kufunguliwa. Nasieku akajaribu, mimi nikajaribu, yule bibi asiye na meno akajaribu kwa matusi. Mwishoni Barasa akafungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akaja nacho kimenyooka mkononi kama mtu wa altareni, akadondosha matone mawili ndani ya kufuli. Madam alikuwa amesimama nyuma yetu, anaona yote. Nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Halijawahi kufunguliwa." Kufuli likalia, ta! likafunguka.

Nikapewa kikombe kimejaa. Nikakiinua mpaka mdomoni, halafu nikakishusha. "Siwezi kunywa watoto wakinitazama." Wakaletwa watoto. Wanywe kwanza wao. Walikunywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Kisha kina mama. Kuna mmoja alikinga viganja, akaosha uso wake, uso tu, polepole, na sote tukamwangalia. Halafu nikasema, "Na hawa punda wako wana kiu, Nasieku."

"Punda?" akasema. "Maji ya tanki?"

"Punda ndio walionionyesha. Mimi nina deni nao."

Wakacheka sasa, wote, hata Nasieku, machozi yanatoka na kucheka hakuishi. Mwisho kabisa nilikunywa mimi. Yalikuwa na ladha ya plastiki. Sijawahi kunywa maji matamu kama yale.

Madam akarudi kwenye kile kiti kidogo. Pale penye swali, je, mradi unatumika, akaandika: "Ndiyo, kuanzia leo saa nane mchana." Akageuza karatasi, akaeleza nyuma kila kitu, pamoja na kosa letu. Aliandika "letu". Picha moja ilikuwa imebaki kwenye kamera, akaipigia mgongo wa punda.

Jibu kutoka kwa wakubwa wa Madam lilichukua muda. Lilisema hawakati jina na hawatoi bomba. Turudi tena baada ya mvua za vuli tukaangalie mara ya mwisho, ndipo waamue. Miezi hiyo nilikuwa naunguza chapati nyumbani mpaka watoto wangu wakaomba wapike wenyewe. Niliogopa kitu kimoja: kwamba Nasieku hakuniamini. Kwamba akisikia landrova atakimbia kulijaza tanki kwa mitungi.

Siku tuliyorudi, hakuna mtu aliyeimba. Nilijua moyoni kuna kitu. Mvua za vuli zilikuwa zimepita kama mate tu na ardhi ilikuwa ile ile. Kina mama walikuwa wamekaa kimya kando ya nasari. Nasieku alisimama, mikono imening'inia.

"Liko tupu, yieyo," akasema. "Nasari ilikunywa kila siku. Nyumba nazo zilichota kwa zamu, mtungi mmoja mmoja. Mtoni tulikuwa tunakwenda siku moja, tunapumzika tatu. Limeisha juzi." Kisha akauliza, "Tumeanguka?"

Niliokota kijiwe. Chini, tanki likaimba. Katikati likaimba. Juu likaimba kama kengele ya kanisa, wanangu, kama Jumapili! Nikalizunguka nikiligonga kila upande mpaka watoto wakaanza kuruka. Madam alikuwa ameshapanda ngazi, kichwa chote ndani, na sauti yake ikatoka humo kama ya shetani mwenye furaha: "Hamna kitu! Hamna hata tone!" Mmeshawahi kuona Mzungu akishangilia tanki tupu? Mimi nimeona.

Kisha nikaenda kwa punda. Vidonda vilikuwa vimefunga. Nywele zilikuwa zimeota tena, na punda akipona kidonda cha mgongoni nywele huota nyeupe. Wote watano walikuwa na mabaka meupe, kama wamepakwa chokaa. Nikamwita Nasieku, nikaweka mkono wake juu ya baka moja. "Hii ndiyo fomu yako," nikamwambia. "Umepasi."

Bomba lilikuja, chapuchapu kama jina la miradi yenyewe. Siku maji yalipofunguliwa nilicheza mpaka akala moja ikakatika, na mnajua akala hazikatiki.

Miaka yote iliyofuata, mpaka mwezi uliopita, kila mkutano wa kwanza na kikundi cha tanki nilianza hivyo hivyo: nikirudi kiangazi, nionyesheni tanki tupu. Watu walidhani nimerukwa. Madam alirudi kwao, Barasa akastaafu akaenda kulima miwa, na nyinyi mkaja na kamera zisizo na filamu, zinazopiga picha mia kwa dakika. Ni nzuri. Lakini kamera inaona ngozi ya tanki tu. Beba kijiwe. Na kabla hujafungua mdomo kuwatia watu moyo, kumbuka wanaweza kukusikiliza.

Siku ya keki mliona mama mwembamba ameingia na shuka jekundu na mtu wa getini anamfuata. Huyo alikuwa Nasieku. Naye sasa ni bibi. Alinivalisha kitu shingoni na nyinyi mkapiga makofi mkidhani ni mkufu. Ni ule ufunguo. Ameutia kwenye shanga nyekundu na bluu. Nilimwuliza sasa kufuli wanafungua na nini, akasema kufuli lilitupwa siku ile ile Barasa alipolitia oili.

Nauvaa kanisani kila Jumapili. Mchungaji aliniuliza ni wa mlango gani. Nikamwambia hauna mlango, na nikamweleza kwa nini, na ibada ikachelewa kuanza.